Ipeleke Bafuni

Mume wangu alitengeneza mizani kwa miaka thelathini na mmoja. Mizani za wauza nyama, za posta, za wauza dhahabu, hata ile ya kupimia malori ambayo fundi huingia chini yake kama mtu anayeingia kisimani. Siku aliyostaafu walimpa saa ya ukutani. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha dirishani, na akakaa hapo miezi minne. Ukimuuliza kama anataka chai, anasema sawa. Ukimwambia chai imekwisha, anasema sawa. Mimi si mtu wa kubembeleza, lakini nilianza kurudi kutoka kazini kwa njia ya nyuma ili nisimwone dirishani kabla sijafika mlangoni.

Kilichomtoa kwenye kiti ni bia. Mmoja wa mapacha wetu, ambao wote wameshajitegemea, alikuja kututembelea akamwonyesha babake jinsi watu wanavyopika bia nyumbani. Unanunua kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, unakiloweka kwenye maji ya moto, unachuja, unachemsha pamoja na maua fulani makavu machungu, unapoza, unatia hamira, unafunika, unangoja. Babake alimsikiliza kama anasomewa mirathi. Wiki iliyofuata alikuwa na ndoo yenye koki aliyoipata kwa muuza juisi aliyefunga biashara, na sufuria yangu kubwa kuliko zote ikahama jikoni bila kuaga.

Bia mimi sinywi sana. Lakini mtu wangu alikuwa anaamka mapema, anapiga mluzi, ananiuliza maswali ya kazini kwangu. Sufuria nikamwachia.

Tabu ni kwamba bia yenyewe ilikuwa mbaya. Ya kwanza tulisema ni ya kujifunzia. Ya pili tulisema ni joto. Ya tatu alimpelekea chupa mwenzake wa karakana, mtu mmoja mwembamba anayeitwa Koleo kwa sababu akishika kitu haachii. Koleo akanusa, akaonja, akauliza kwa upole kama hayo ni ya kunywa au ya kuongeza kwenye betri ya gari. Karakana nzima ikacheka, na mume wangu akacheka nao, lakini nyumbani hakusimulia. Nilisikia kwa mke wa Koleo.

Ndipo wastaafu wa karakana wakapanga kukutana kwa Koleo, mwezi mmoja na siku chache mbele, na mume wangu, kwa kiburi tu, akaahidi bia ya watu wote. Aliponiambia, aliongeza neno moja. Alisema hiyo ndiyo ya mwisho. Ikiharibika na hiyo, ndoo anawapa kuku wa jirani wanywee maji, na yeye anapumzika.

Lile neno kupumzika sikulipenda. Nilijua anapumzikia wapi.

Alikuwa na akiba kidogo kwenye kopo, pesa za kurekebisha mizani za majirani wawili watatu, na alishaamua zinakwenda wapi. Kwenye duka la vifaa vya hoteli kulikuwa na sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ina koki yake, ina mishikio miwili, na pembeni ina mshale wa kuonyesha joto. Alikuwa anaitembelea kama mgonjwa. Muuzaji alishaanza kumsalimia kwa kumwonyesha kwa kidole kwamba bado ipo.

Nikamwambia akae mezani kwanza.

Mimi nina stashahada ya maabara na nafanya kazi kituo cha kupokea maziwa. Kila asubuhi wafugaji wanaleta madumu, mimi napima, nasema haya yapite, haya yamechacha, na yaliyochacha yanamwagwa mtaroni mbele ya mwenyewe. Siangalii uzuri wa dumu. Kwa hiyo nilitoa chupa nne zilizobaki za bia zake mbovu, nikamimina kila moja kwenye glasi, nikamwambia tunaonja, tunasema ubaya wake, halafu tunauliza sufuria ile ingeuponya vipi.

Ya kwanza ilikuwa chachu kama ndimu. Ya pili vilevile. Ya tatu ilinuka rangi ya kucha. Ya nne ilikuwa chachu, ikanuka rangi ya kucha, na kitu kilikuwa kinaelea ndani yake ambacho hatukukitaja.

"Sufuria inaponya ipi?" nikamuuliza.

Alizungusha glasi. Akasema sufuria ingerahisisha kazi. Nikamwambia sijauliza kurahisisha.

Harufu ya rangi ya kucha, nilimweleza, mara nyingi ni joto lililozidi. Chumba chake cha kupikia kiko chini ya bati, na joto la kulowekea kimea alilipima kwa macho, na la kutilia hamira alilipima kwa kiwiko, kama mtu anayemwogesha mtoto. Miaka thelathini na mmoja amewagombeza wauza nyama wanaokadiria kwa mkono, halafu yeye anakadiria kwa kiwiko. Hilo lilimwingia. Alijikuna kiwiko chenyewe.

Kuhusu uchachu, niliomba bisibisi. Koki ya ndoo ya muuza juisi ilikuwa haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani, yeye alikuwa anaisuuza tu kwa kupitisha maji. Nilipoitenganisha vipande, ndani kulikuwa na utelezi wa kijivu, mzito kama makamasi. Aliutazama muda mrefu. Akasema kama angekuta hivyo ndani ya mizani ya mteja, angemfokea mteja mpaka majirani watoke nje.

Basi tukakubaliana. Ndoo mpya isiyo na koki, yenye mfuniko unaobana, kwa sababu koki nzuri ni ile isiyokuwepo. Mpira mwembamba wa kuhamishia bia kutoka ndoo kwenda kwenye chupa. Kipimajoto cha kawaida cha kioo. Beseni pana la kukalishia ndoo ndani ya maji ili isipate joto. Na tutaihamishia bafuni ikishaanza kutoa povu, maana bafu letu lina sakafu ya saruji na halioni jua tangu lijengwe. Vyote hivyo vilikula nusu ya kopo. Nusu nyingine alisema inangoja sufuria, na mimi nikanyamaza, maana mtu huwezi kumnyang'anya kila kitu siku moja.

Alipika siku ya mapumziko. Safari hii alipima. Alikaa na kipimajoto saa nzima, anachungulia, anapunguza moto, anarudisha, midomo ikitembea kama anaomba dua. Nilimwona fundi mizani niliyeolewa naye.

Kesho yake akaja wifi yangu, dada yake mkubwa, kwa ajili ya kliniki ya macho. Wifi ni mtu mwema, na ni mtu wa usafi kupita kiasi. Akikaa kwako siku tatu, hata mwiko unang'aa. Tulimwonyesha ndoo kwenye kona ya chumba cha kupikia, imefunikwa kitambaa, tukamwambia ni ya mdogo wake, asiiguse. Ya bafuni hatukumwambia. Kwa nini tumwambie? Kazi hiyo ilikuwa yetu.

Siku ya nne mume wangu alikwenda mbali kidogo kukusanya chupa tupu kwenye nyumba ya wageni. Mimi nilikuwa kazini. Jua lilikuwa kali, nikakumbuka lile bati, nikapiga simu nyumbani wakati wa mapumziko.

"Wifi, hebu funua ile ndoo uangalie. Imechacha?"

Nikasikia ndala zake zikienda na kurudi.

"Imechacha, wifi. Tena vibaya. Povu mpaka juu."

"Sawa. Basi ipeleke bafuni, usimngoje Baba Mapacha."

"Yote?"

"Yote, ndiyo."

Niliona ni swali la ajabu, maana sijui mtu anahamishaje nusu ya ndoo. Lakini lori la maziwa lilikuwa limeingia na dereva anapiga honi, nikakata simu.

Nilirudi alasiri. Harufu ilinipokea mlangoni, harufu nzuri ya mkate unaotoka jikoni, na ilikuwa inatoka bafuni. Nikafurahi. Nikaingia. Beseni lilikuwa pale, kavu. Sakafu ilikuwa safi, imepigwa deki. Nikatoka uani. Ndoo mpya ilikuwa juani, imepinduliwa, inang'aa.

Wifi alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa amechoka, na alikuwa ameridhika.

"Mgongo wangu haunyanyui ndoo," akasema, "kwa hiyo nimeimwaga kwa jagi, moja moja. Halafu nikaisugua. Ilikuwa imeshika uchafu pembeni, mstari mzima."

Nilikuwa narudia ile simu kichwani, neno kwa neno, natafuta mahali alipokosea ili nimkamatie hapo. Sikupaona. Ndoo ni "ipeleke" na bia ni "ipeleke". Ndoo ni "yote" na bia ni "yote". Nikamuuliza, kwa sauti niliyoibana, kwa nini amwage kitu kilichokuwa kinaenda vizuri. Akanitazama kama mimi ndiye mwenye ugonjwa wa macho.

"Wifi, si wewe unayepima maziwa? Miaka yote unatuambia, yakichacha yanamwagwa. Umeniuliza imechacha, nikakwambia imechacha. Ukasema ipeleke bafuni. Nilitaka hata kuuliza kwa nini isiwe mtaroni."

Hapo nikakaa kwenye ngazi ya uani. Alikuwa sawa. Kazini kwangu neno hilo lina maana moja, na nimelisema mara elfu kumi, na kila niliposema, kitu kilimwagwa. Kwa mpika bia maana yake ni kwamba kazi imeanza. Mimi ndiye niliyebeba neno la kazini kuja nalo nyumbani, kwa simu, kwa haraka, na dereva anapiga honi. Mtu aliyetenganisha koki ya watu kwa bisibisi hakufungua kinywa chake kuongeza maneno mawili.

Wifi alipoelewa amefanya nini, aliweka mikono kichwani, akaanza kutafuta mkoba wake aondoke kabla mdogo wake hajarudi. Nilimkalisha. Nikamwambia hilo litasemwa na mimi.

Kisha nikaikagua ndoo. Alikuwa ameisugua kwa waya wa kusugulia sufuria, na plastiki yote ya ndani ilikuwa na mikwaruzo kama iliyopigwa makucha. Ndoo yenye mikwaruzo haifai, uchafu unajificha humo na hautoki. Kwa hiyo bia hakuna, na ndoo hakuna.

Mume wangu aliingia na kikapu cha chupa begani, zinagongana, anapiga mluzi. Sikumpa hata nafasi ya kukitua.

"Bia imemwagwa," nikamwambia. "Aliyemwaga ni dada, aliyemwagisha ni mimi. Nilisema kwenye simu imechacha, akaelewa kama maziwa. Ndoo nayo imekwaruzika. Usimguse dada, ugomvi wako ni na mimi."

Alitua kikapu taratibu. Akaenda bafuni, akatazama sakafu. Akaenda uani, akapitisha kidole ndani ya ndoo. Halafu akapita katikati yetu wawili, akakaa kwenye kiti cha dirishani.

Nimeshaona watu wakizimia kazini, nimeshaona dumu la lita hamsini likimwangukia mtu mguuni. Hakuna kilichonitisha kama ule mgongo wake ukiegemea kile kiti. Nilisimama na ufagio mkononi, na sikuwa nafagia.

Tulikaa hivyo mpaka chai aliyomwekea dada yake ikapoa. Kisha akauliza, bila kugeuka, bia ilikuwa inanukaje.

Wifi alinitazama. Nikamwashiria ajibu.

"Nilitegemea inuke vibaya," akasema. "Nilijifunga hata kanga puani. Lakini ilinukia mkate. Mkate na maua kidogo. Nikajiambia hawa watu wameharibu kitu kizuri."

"Haikunuka rangi ya kucha?"

"Rangi ya kucha? Hapana, mdogo wangu. Ningeijua."

"Wala ndimu?"

"Nilionja tone. Chungu, lakini chungu cha kupendeza. Ndiyo maana ule uji wa chini nimeuweka."

Akageuka. "Uji gani?"

Kumbe chini kabisa ya ndoo kulikuwa na tope zito rangi ya chai ya maziwa, na wifi, ambaye amekanda mikate tangu akiwa msichana, akalitambua kwa harufu. Hamira ni hamira. Hakuona sababu ya kuitupa. Alikuwa ameijaza kwenye chupa ya jemu, akaibana mfuniko, akaiweka kwenye friji aje akandie unga kesho.

Mume wangu alitoka kwenye kiti haraka kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Akafungua friji, akalegeza mfuniko, na chupa ikatoa pumzi, fsss, kama mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya kushiba. Akaisogeza mwangani. Vipovu vidogo vilikuwa vinapanda. Hamira ya bia ndiyo ghali kuliko vyote kwenye mapishi yake, inaagizwa kwa barua na inachukua wiki tatu kufika, na hapo ilikuwa hai, ya kutosha ndoo mbili.

Alihesabu siku kwa vidole. Zilibaki ishirini na tano kufika siku ya kwa Koleo. Tisa kwenye ndoo, kumi na nne kwenye chupa, mbili za kupumulia.

"Lakini ndoo," nikasema. "Na kimea."

Sote tulijua kopo lilikuwa na nini, na kilikuwa kinangoja nini. Sikutaka kumwambia la kufanya. Nilikuwa nimeshasema ya kutosha siku hiyo.

Akachukua kopo juu ya kabati, akalitikisa sikioni, akalitia kwapani. Dada yake akamuuliza anakwenda wapi jioni hiyo. Akasema anakwenda kununua ndoo kabla hawajafunga. Mlangoni akasimama, akaongeza kwamba baada ya hapo asiombwe kitu na mtu yeyote, kwa sababu atakuwa amechacha kabisa.

"Umechacha?" wifi akamwuliza. "Basi twende bafuni."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye alijitahidi kununa, akashindwa, akatoka na kopo lake akicheka njia nzima, maana tulimsikia hadi kwenye kona.

Alipika tena baada ya siku mbili, na safari hii ndoo ilikwenda bafuni tangu saa ya kwanza. Akaandika kwa chaki kwenye mfuniko: INAFANYA KAZI. ISIMWAGWE. Wifi alikatazwa kuingia na waya wowote. Na lile neno lilipigwa marufuku nyumbani. Tukiulizana tunasema inachemka baridi, au imeamka, na maziwa yakiharibika tunasema yameharibika.

Siku ya kujaza chupa kiligundulika kitu ambacho hatukukifikiria. Ndoo isiyo na koki inatumia mpira, na mpira hauvuti bia mpaka ndoo iwe juu na chupa ziwe chini. Meza haikupita mlango wa bafu. Stuli ilikuwa fupi. Mume wangu alizunguka nyumba nzima akitafuta kitu cha kimo kinachofaa, akapima huku na huku kwa rula, kisha akabeba kile kiti cha dirishani, akakiweka bafuni, na ndoo ikakaa juu yake. Chupa arobaini na tatu. Alimwaga tone moja tu, na alilifuta.

Kwa Koleo tulikwenda sote, hata wifi, aliyekuwa amesogeza tarehe ya kurudi kwake kwa sababu ambazo hazikuhusu macho. Wastaafu walikuwa kumi na wanne. Walizipokea chupa kwa adabu ya watu wanaopokea dawa. Koleo aliishika ya kwanza, akaifungua, akanusa, watu wakaanza kucheka kabla hajasema kitu. Akanywa. Akanywa tena. Akaigeuza chupa akitafuta karatasi ya jina la kiwanda, hakuiona.

"Hii umenunua wapi?" akauliza, na hakuwa anatania.

"Bafuni," mume wangu akajibu.

Wifi alikohoa kinywaji chake chote. Mimi nilitazama pembeni.

Koleo hakuachia chupa, kama kawaida yake, na kabla hatujaondoka alikuwa ameomba kufundishwa. Watakuja kwetu wiki ijayo, yeye na wengine wawili. Nimeshasema wakija waje na sufuria zao. Ile ya dukani bado ipo dirishani, mume wangu anasema ameipita juzi na muuzaji amemwonyesha kwa kidole, naye akampungia mkono tu.

Kiti hakijarudi sebuleni. Kina alama ya duara ya ndoo juu yake, na kila anayeingia kuoga analalamika kwamba kinambana.